GARI LINAFUNGA BREKI LENYEWE, SERIKALI INAHESABU USHURU

Vijana wa mjini mnamjua yule dada wa Kijapani. Ukiwasha gari tu, kabla hujafunga mkanda, anaanza: maneno mengi, sauti nyororo, adabu tupu, na ndani ya gari hakuna hata mmoja anayejua anasema nini. Wengine wanamwitikia "marahaba mwanangu". Wengine wanadai anawatakia safari njema. Ukweli ni kwamba dada yule anasema kadi ya kulipia barabara za Japani haijachomekwa. Kadi hiyo haina kazi Dar es Salaam, haina kazi Morogoro, na kule Idete, ndani ya Bonde la Kilombero, haina kazi kabisa. Basi tunacheka, tunaongeza muziki, safari inaendelea.

Tuache kucheka kidogo. Siku dada huyohuyo, au maandishi yake pale kwenye dashibodi, yakisema kwamba kamera ya mbele imezibika na breki ya dharura imezimika, nani ataelewa? Na siku gari lenyewe likiamua kufunga breki katikati ya barabara, lori la miwa likiwa linakusukuma nyuma, utamwambia nini trafiki?

Ndugu msomaji, usidhani nazungumzia magari ya vigogo tu, yale mashangingi ya kuanzia milioni mia kwenda juu yanayotupita kwa king'ora. Nazungumzia mitumba yetu sisi wenzangu na mie. Subaru walianza kufunga mfumo wao wa kamera mbili mwaka 2008. Toyota wakaanza kueneza wa kwao mwaka 2015, kuanzia Corolla. Nissan X-Trail, Honda, Mazda, wote wamo. Nyuma ya kioo cha mbele kuna kamera, mara nyingi nyuma ya nembo au ndani ya bampa kuna rada, na kompyuta inayoamua: mbele kuna gari, mbele kuna mtu, piga kelele, funga breki, vuta usukani urudi ndani ya mstari. Gari la 2015 leo limevuka miaka 10. Huo ndio umri wa magari tunayoweza kuyanunua sisi. Kwa hiyo kile ambacho miaka kumi iliyopita kilikuwa habari ya magazeti ya Tokyo, leo kinashushwa melini Dar es Salaam, kinalipiwa tozo ya uchakavu, na kesho kiko Ifakara kinabeba abiria.

Na nisieleweke vibaya. Mashine hizi zinaokoa watu. Taasisi ya makampuni ya bima ya Marekani inayochunguza usalama wa magari imepima na kuona kwamba breki hizi za kujifunga zimepunguza karibu nusu ya ajali za gari kugonga gari lingine kwa nyuma. Sisemi tuzing'oe. Nasema zimepimwa kwa barabara za wengine, na sisi tumepewa bila maelezo, bila fundi, bila hata mtu wa kutuuliza kama tunazitaka.

SAFARI YA KWENDA IDETE

Chukua gari la namna hiyo uende nalo Idete. Toka Dar, pita Chalinze, pita Morogoro. Mpaka hapo mambo ni afadhali, mistari myeupe inaonekana kwa sehemu kubwa. Ukifika Mikumi barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilometa 50 hivi, na wenye hifadhi yao ni tembo, nyati na twiga. Mwaka 2017 kampuni ya Volvo ilikiri huko Australia kwamba mfumo wake wa kutambua wanyama ulikuwa unachanganywa na kangaruu. Mashine ilikuwa inapima umbali wa mnyama kwa kutazama anaposimama ardhini. Kangaruu akiruka juu anaonekana yuko mbali, akitua anaonekana yuko karibu. Mashine ilikuwa imefundishwa wanyama wa Sweden. Sasa niambieni, gari letu la Nagoya limefundishwa nyani wa Mikumi wapi?

Kata kushoto Mikumi mjini, shuka Kidatu. Siku hizi lami imefika Ifakara, na tunashukuru, ingawa wazee wa Mang'ula na Kiberege waliisubiri hiyo lami tangu wakiwa vijana. Hapa sasa ndipo mashine inapochanganyikiwa. Unataka kulipita trekta la miwa. Kama ilivyo kawaida yetu, unalisogelea kwanza, unakanyaga mafuta, halafu ndiyo unatoka. Kompyuta haijui kawaida yetu. Inachokiona ni kwamba unakwenda kulivaa trekta. Inapiga kelele, na ikifika mahali inafunga breki, wewe ukiwa umeshaanza kutoka na basi linakuja mbele. Au unamkwepa mtu wa baiskeli bila kuwasha indiketa, kwa kuwa hakuna anayewasha indiketa kwa ajili ya baiskeli. Kompyuta inaona umetoka kwenye mstari kwa bahati mbaya, labda umesinzia, na inavuta usukani urudi. Unarudi wapi? Kwenye baiskeli.

Halafu kuna reli. TAZARA inalipasua bonde lote hili mpaka Mlimba na kuendelea. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi juu ya Nissan Rogue zaidi ya 553,000 za mwaka 2017 na 2018. Rogue ndilo jina la Kimarekani la gari tunaloliita X-Trail. Malalamiko ya madereva yalikuwa mamoja: gari linafunga breki ghafla na mbele hakuna kitu. Na Nissan wenyewe, katika maelezo waliyowapelekea mafundi wao, walitaja mahali ambapo rada inaweza kudanganyika: reli inapokatiza barabara, madaraja, taa za barabarani zilizoning'inia chini. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Honda, magari milioni 1.7 yakachunguzwa kwa malalamiko ya aina hiyohiyo. Wamarekani waliolalamika walikuwa na namba ya kupiga. Walikuwa na ofisi inayoandika lalamiko, inaliweka hadharani na kumwita mtengenezaji ajibu. Programu mpya zikatolewa, gari linapelekwa kwa wakala linarekebishwa. X-Trail iliyoko Kibaoni Ifakara nani atairekebisha?

Tukitoka Ifakara kuelekea Idete, kwenye njia ambayo miaka nenda rudi imekuwa vumbi kiangazi na tope masika, mashine nyingi zinafika mwisho wa elimu yao. Vitabu vya watengenezaji wenyewe vinaonya: majani marefu pembeni, daraja la chuma, ukungu, vumbi, tope kwenye kioo au kwenye nembo, jua la jioni usoni. Soma tena orodha hiyo. Hayo si mambo ya ajabu yanayotokea mara moja kwa mwaka. Huo ni Jumatatu wa kawaida Kilombero. Lakini kitabu chenyewe kimeandikwa Kijapani, na mara nyingi kimebaki hukohuko kilikotoka.

BAISKELI YA ARIZONA

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara huku anakokota baiskeli. Gari la majaribio la kampuni ya Uber lilikuwa linakuja, linaendeshwa na kompyuta, na nyuma ya usukani ameketi mfanyakazi wa kuangalia tu. Hilo halikuwa gari la kawaida la dukani, tuseme ukweli. Lakini sikilizeni wachunguzi wa serikali ya Marekani walichokikuta. Mashine ilimwona mwanamke yule sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Sekunde tano na ushee, msomaji, ni muda wa kutosha kabisa kusimama. Tatizo halikuwa macho. Mara ilimwita kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli, na kila ilipobadili jina ilianza upya kuhesabu anakwenda wapi. Na hawakuwa wameiandikia kwamba binadamu anaweza kuvuka mahali pasipo na alama za kuvukia. Juu ya hayo, breki ya dharura ya kiwandani ilikuwa imezimwa kila gari linapoendeshwa na kompyuta. Mwanamke akafa.

Mtu anakokota baiskeli, anavuka pasipo na pundamilia, gizani. Kule Arizona hilo lilikuwa jambo ambalo wahandisi hawakulifikiria. Kwetu ni nani asiyevuka hivyo? Mpunga wa Idete unakwenda mashineni juu ya baiskeli. Mzee anakokota gunia, mtoto anasukuma nyuma, mama ana ndoo kichwani na wa pili mgongoni. Kwa mbali, wakati wa magharibi, hata mimi na macho yangu mawili sijui nimeona nini, seuze kompyuta iliyolelewa Yokohama.

Na sasa fika kwenye kesi. Waendesha mashitaka wa Arizona walisema mwaka 2019 kwamba hawaoni msingi wa kuishitaki kampuni. Aliyeshitakiwa ni yule mfanyakazi aliyeketi nyuma ya usukani. Wachunguzi walisema alikuwa anatazama simu, na hilo ni kosa, halina utetezi. Mwaka 2023 alikiri shitaka dogo zaidi akapewa miaka 3 ya kuangaliwa tabia nje ya jela. Kampuni yenye mabilioni ilikwenda nyumbani. Mwajiriwa wa kulipwa kwa saa akabaki kizimbani peke yake.

Hapo ndipo nawataka vijana mfungue masikio. Dereva wa gari la mtu, anayepeleka hesabu kila jioni, deiwaka anayeshikilia usukani kwa siku moja, kijana wa teksi ya kwenye simu: siku gari likifunga breki lenyewe na abiria akaumia, karatasi ya polisi itaandikwa nini? Itaandikwa uzembe wa dereva. Utamwambia trafiki "afande, gari limefunga lenyewe", na atacheka mpaka kofia idondoke. Sheria ya Usalama Barabarani tuliyonayo ni ya mwaka 1973. Imetiwa viraka mara kadhaa, lakini mwili wake ni wa zama za Peugeot 404. Ndani yake dereva ni mtu, breki ni mguu, basi. Hakimu hana pa kuanzia. Wewe ndiye utakayebeba.

FUNDI SI MJINGA, AMEACHWA

Wapo watakaosema tatizo ni mafundi wetu. Hapana. Fundi wa Gerezani anaweza kushusha injini na kuipandisha kabla ya adhuhuri, na mashine ya kusoma kompyuta ya gari anayo. Lakini kubadili kioo cha mbele cha gari lenye kamera si kubandika kioo na kuondoka. Kamera lazima ilengwe upya kwa vibao maalumu vinavyopangwa mbele ya gari kwa vipimo, kwenye sakafu iliyonyooka. Ikienda upande kidogo tu, pale kwenye kioo huoni kitu, lakini mita 50 mbele inatazama njia ya jirani. Bampa lililogongwa likanyooshwa kwa nyundo lina hadithi ileile kwa upande wa rada.

Japani wenyewe waliona hatari hiyo. Tangu Aprili 2020 sheria yao inataka gereji iwe na kibali maalumu ndipo iguse kamera na rada hizi. Na kuanzia Oktoba 2024 ukaguzi wao wa magari umeongezewa kusoma kompyuta ya gari kuona kama mifumo hii ina hitilafu. Yaani Mjapani mwenye barabara iliyochorwa kama daftari, mwenye wakala kila mtaa, hakubali fundi asiye na kibali aguse. Gari hilohilo likipata ajali kwake, likanyooshwa, likauzwa mnadani, likaja kwetu, linakuwa salama kwa muujiza gani?

Hapo kwetu kuna mchekesho mwingine. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama tunauziwa stika ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Kwa gari la aina hii, stika ikipanda juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, inaweza kuziba kamera ya usalama. Stika ya usalama inapofusha mashine ya usalama, na pesa ya stika imeshalipwa.

IDETE WALIULIZWA

Nimeitaja Idete si kwa bahati nasibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa Idete walishiriki jambo lililosomwa dunia nzima. Chanjo ya malaria ya SPf66, iliyobuniwa na daktari wa Colombia, Manuel Elkin Patarroyo, ilijaribiwa pale kwa watoto zaidi ya 500 wa umri wa mwaka 1 hadi 5. Majibu yalichapishwa mwaka 1994: ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Baadaye ilipojaribiwa kwa watoto wachanga hukohuko bondeni, haikuwakinga. Hayo nayo yakachapishwa. Wazazi walielezwa ni majaribio, wakaombwa ridhaa, watoto wakafuatiliwa, hesabu ikawekwa, na chanjo iliposhindwa ikasemwa imeshindwa. Wanakijiji wa wakati huo, wengi wao wakulima wa mpunga, walitendewa kama watu wenye haki ya kujua kinachoingizwa mwilini mwa watoto wao.

Leo, zaidi ya miaka 30 baadaye, majaribio mengine yanapita mbele ya nyumba zao kwa kilometa 80 kwa saa. Hakuna aliyeelezwa. Hakuna anayehesabu. Gari likifanya ajabu barabara ya Ifakara, habari inaishia kijiweni: "lile Subaru lina jini". Mwenye gari anachomoa fyuzi, au analiuza kwa mwingine bila kumwambia, na jini linahamia Malinyi.

Sisi Ifakara hatuzungumzii ajali kama watu wa mbali. Januari 2012 tulimzika Regia Mtema, mbunge wa viti maalumu wa CHADEMA, binti wa bonde hili, aliyefariki katika ajali ya gari Ruvu. Alikuwa kijana. Habari ya mashine hizi haihusiani na ajali ile, lakini familia iliyopoteza mtu barabarani haihitaji kufundishwa kwa nini tunapiga kelele mapema.

Serikali itasema haina uwezo. Uongo. Ilipotaka kuruhusu mabasi yatembee usiku mwaka 2023, LATRA walijua kuyadai mabasi yawe na kidude cha kufuatilia mwendo na kitufe cha kumtambua dereva. Kwa hiyo umeme wa magari wanaujua, pale unapomkamata dereva. Unapotakiwa kumlinda, ghafla tunakuwa nchi maskini. Ukaguzi wa mitumba nao umehamahama: miaka ya nyuma ulifanywa na mawakala hukohuko Japani, mwaka 2021 TBS wakauleta bandarini Dar es Salaam. Ufanyike Yokohama, ufanyike Kurasini, swali ni lilelile. TBS watoe hadharani karatasi yao ya ukaguzi tuisome. Kipengele cha kamera kiko wapi? Cha rada kiko wapi? Kama kipo, mnunuzi aoneshwe majibu kabla ya kulipa. Kama hakipo, ile ada ya ukaguzi ni ya kukagua nini?

Na kuna kazi ambazo hazihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kutafsiri kwa Kiswahili taa na maonyo ya magari kumi yanayoingia kwa wingi ni kazi ya wiki chache kwa walimu wawili wa Kijapani na fundi mmoja. Karatasi hiyo igawiwe pamoja na kadi ya gari. VETA Kihonda na VETA Mikumi, vyuo vilivyo njiani kwenda Kilombero, vipewe vibao vya kulengea kamera na mwalimu wa kuvitumia, vijana wetu wapate ajira humohumo. Polisi wafungue daftari moja tu la kuandika ajali ambazo dereva anadai gari lilijiendesha kinyume, hata kama hawamwamini, ili baada ya mwaka mtu aweze kuhesabu ni X-Trail ngapi na ni reli ipi.

Bajeti ya Wizara ya Uchukuzi husomwa Dodoma kila mwaka kabla ya Julai. Wabunge wa Morogoro, wa chama chochote, wanaosafiri kwa magari yenye kamera hizo hizo na kusinzia viti vya nyuma, wamuulize Waziri swali moja kabla ya kugonga meza: tangu mwaka 2021, katika magari yote yaliyopita ukaguzi, ni mangapi yalikataliwa kwa sababu jicho lake la mbele linatazama pembeni?